Kabla Hujafika kwa Kahindi

Mambrui, Jumatano baada ya alasiri

Mwanangu Salimu,

Salamu nakupa moja tu, zilizobaki jipe mwenyewe, maana taya langu halifunguki. Ukirudi kutoka kuwaaga shangazi zako utamkuta mama yako jikoni akikaanga mahamri ya safari na kunung'unika, nami utaambiwa sipo. Damu ya barazani, kama hawajaiosha, ni yangu. Asubuhi baba yako mdogo Shee amenipiga kwa gongo lake la kutembelea. Pigo moja, upande wa kushoto, gego likatoka na kipande cha jirani yake. Usimwendee kwa shari. Alistahili kupiga nami nilistahili kupigwa, na nikwambie kweli, kwa mtu mwenye mguu mmoja mzima, alipiga vizuri sana.

Kula, kuoga, kuswali, kutowatazama wake za watu: hayo mama yako ameshakwambia tangu juzi. Sina la kuongeza, na kwa baadhi ya hayo sina hata uso wa kuyasema. Mimi ni mtu wa darasa la tatu, naandika kama kuku apekuavyo jaani. Lakini leo nitaandika mpaka mwisho, kwa sababu jana nilipokuwa nakufungia mfuko wako kwenye karia ya baiskeli yako nilisikia kitu kizito chini ya mashati. Nikafungua. Nikakuta mnyororo wa baiskeli umekunjwa mara mbili, ncha moja imeviringwa kitambaa usiteleze mkononi. Kitambaa chenyewe cha kanzu yangu, mwizi wee.

Nilijua mara moja umemkusudia nani. Atokaye huku kwenda huko uendako, kwenye mashamba ya makonge ya Vipingo kwa baiskeli lazima apite Kilifi, avuke kwa feri. Na pale juu, kabla hujaanza kuteremkia feri, kuna banda la bati la mzee mmoja Mgiriama, fundi baiskeli. Kahindi. Jina hilo wewe umelisikia nyumbani humu kabla hujajua kuhesabu vidole. Kahindi aliyempa baba yako mdogo baiskeli mbovu kwa makusudi, akamfanya kiwete. Ulikuwa bado hujaota tena meno ya mbele ulipomshika Shee gongo ukaapa, "Nikikua nitamvunja na yeye." Watu wote barazani walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda. Niliogopa, ndipo nikacheka. Ndiyo desturi yangu, utaiona.

Basi soma mpaka chini kabla hujatia mguu kwenye pedali.

Wakati ule njia ya kwenda Malindi ilikuwa mchanga na mawe, si lami hii mnayoteleza juu yake mkadhani mna mapaja. Tulikuwa wachukuzi wa samaki. Kila mmoja na baiskeli nyeusi ya fremu nene, tenga limekazwa nyuma kwa mipira ya tyubu kuukuu. Samaki wakipanda pwani alfajiri, twafunga, twakimbia. Na soko la Malindi lilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: afikaye wa kwanza huchukua meza ya mlangoni, penye kivuli. Wa pili huchukua ifuatayo. Wa mwisho hutandika gunia juani, na jua likipanda samaki wake hunuka hata nzi wanaomba radhi.

Kwa meza ile tuliumizana, mwanangu. Hukusikia haya kwa sababu wazee tukikaa twasimulia mbio tu, hatusimulii meno. Mtu alikuwa akikukaribia unampiga teke gurudumu la mbele. Mwingine akikupita unamtia kijiti kwenye njiti za gurudumu, unamwona anaruka juu ya usukani kama chura. Kuna mtu nilimng'ata sikio tulipoanguka pamoja mtaroni, nikatema kipande, akakiokota akakitia mfukoni, sijui alikusudia kukishona na nani. Na mimi nilikuwa na mkia wa taa. Yule samaki, taa. Niliukata, nikaukausha juani, ukawa mjeledi wa miba miba kama msasa. Ukimchapa nao mtu aliye mbioni, shati hupasuka kwanza, ngozi hufuata. Nilikuwa naona raha. Nikikuficha hilo, mengine yote nitakayosema yatakuwa uongo. Nilikuwa naona raha.

Wakaniita Kengele, kwa sababu kengele yangu ikilia watu walijitupa kando wenyewe.

Halafu akaja Kahindi. Alitoka upande wa Magarini, kwenye mashamba, mtu mwembamba wa kifua kipana, baiskeli yake ya mkono wa tatu. Siku ya kwanza alichukua meza ya mlangoni. Siku ya pili akaichukua. Wiki nzima sisi watu wa mjini, wajukuu wa manahodha, tunakaa juani na mtu wa shamba yuko kivulini! Siku ya nane nikamfikia kwenye mchanga, nikatoa mkia.

"Rudi kwenu ukachunge mbuzi!" nikamchapa mgongoni.

"Mbuzi zangu zakimbia kukushinda, Bwana Kengele." Wala hakugeuka.

Nikamchapa tena, na tena. Mara ya tatu akarusha mkono nyuma, akaudaka mkia hewani, akauvuta. Nilikwenda chini na tenga, na baiskeli, na samaki wangu wote, changu na tasi, nikala mchanga wa kutosha kujengea choo. Nilipofika sokoni nikatandika gunia juani. Akaja akanisimamia. Nikakunja ngumi. Akaweka ule mkia wa taa juu ya gunia langu, ameuosha damu yake.

"Uliangusha hii," akasema, akarudi kwenye meza yake.

Laiti angenipiga. Pigo ningelielewa.

Sasa sikiliza. Wajua pale kabla ya daraja la Sabaki, ukitoka huku, njia inavyoteremka mpaka mtoni. Siku hizi mwaachia mikono mkajionyesha. Sisi juu ya mteremko ule tulikuwa tukisimama sote, hata maadui, kukaza mizigo, maana tenga likilegea pale litakusukuma mpaka mtoni. Na jambo moja kila mchukuzi alilijua kama ajuavyo jina la mamake: mafuta ya papa yakigusa rimu, breki haishiki. Mpira wa breki huteleza kama ulimi kwenye asali. Ndiyo sababu ukipakia papa ulikuwa ukiweka makuti mazito chini ya tenga, yasidondoke.

Siku hiyo nilikuwa na debe dogo la mafuta ya papa, la kupeleka kwa mafundi wa majahazi Malindi. Kahindi aliegemeza baiskeli yake, akaingia kichakani kwa haja yake. Wenzangu walikuwa wameinama kwenye mafundo yao. Nilichovya kitambaa, nikakipitisha kwenye rimu ya mbele, mzunguko mzima, kisha ya nyuma. Nilifanya polepole, vizuri, kama mtu apakaye mtoto mafuta baada ya kuoga. Sitakwambia ulikuwa mzaha. Nilitaka avunjike.

Hapo ndipo Shee alipotokea. Alikuwa kijana kama wewe leo, miguu ya swala. Anasukuma baiskeli yake mbio, tairi ya mbele imepasuka, jasho limemlowesha mpaka kikoi.

"Kaka! Kaka! Mwanaisha amekwama! Mtoto anakuja vibaya, mkunga ataka gari la hospitali, sasa hivi!"

Mwanaisha ni mama yako. Mtoto aliyekuwa anakuja vibaya ndiye wewe, na tangu siku hiyo hujabadilika.

Nikatazama baiskeli yangu. Tenga limejaa, mipira nimeikaza mafundo manne. Mke wangu yuko baina ya uhai na mauti, nami nafikiria mafundo! Nilikuwa nimeshaanza kufungua la kwanza, polepole, nisipoteze mpira. Kahindi akatoka kichakani, akasikia, akachomoa kisu. Fya, fya. Akakata mipira yake yote kwa mara mbili. Samaki wake, wale wa meza ya mlangoni, wakamwagika kwenye vumbi, wala hakuwatazama.

"Hala!" akamwambia Shee kwa Kigiriama chake, chukua. "Hala hii yangu, ndiyo nyepesi. Kimbia, ndugu yangu!"

Shee akarukia kiti.

Salimu, hapo nilikuwa na nafasi. Si kubwa, lakini ilitosha. Breki hazishiki: maneno mawili tu. Nilikuwa nimesimama karibu naye hata ningeweza kumshika shati. Lakini nikisema, wataniuliza nimejuaje. Wote walikuwa wakinitazama, maana mke ni wangu.

Nikasema, "Haya, kimbia."

Tulimsikia kabla hatujaona. Alianza kupiga kelele nusu ya mteremko, "Haishiki! Haishiki!", na sauti yake ikawa nyembamba kama ya mtoto. Akalikosa daraja. Akapiga nguzo ya mawe ya pembeni, na mlio wake sikuwahi kuusikia tena, ni kama mtu avunjaye nazi juu ya nazi. Tulipomfikia goti lilikuwa limeangalia nyuma. Mfupa umetoka nje, mweupe, safi kabisa. Alikuwa akitema meno moja moja na kusema, "Gari. Gari la Mwanaisha." Mpaka alipozimia alikuwa akisema gari.

Mmoja wa wenzetu akainua baiskeli, akashika rimu. Akanusa vidole.

"Mafuta! Hii imepakwa mafuta! Baiskeli ya nani?"

"Yangu," akasema Kahindi. Alikuwa amepiga magoti, amekishika kichwa cha Shee mapajani.

"Umempa makusudi! Wataka kumuua mtoto wa watu!"

"Mimi? Mafuta haya mimi siya..."

Akanusa mwenyewe. Kisha akainua macho, yakatembea juu ya mizigo yetu mmoja mmoja mpaka yakafika kwenye debe langu. Akanitazama. Akafungua kinywa.

Nikampiga kinywani. Nilimpiga hapo kwa sababu hapo ndipo ushahidi ulipokuwa. Nikampiga tena kabla hajapumua, na wengine walipoona ndugu wa majeruhi ameanza, wakaingia. Pampu, mawe, viatu. Nilimchapa kwa mkia wa taa mpaka ukakatika, nikaendelea na kipande. Mtu alimkanyagia mkono wa kulia juu ya jiwe, nikasikia vidole. Mpaka leo viwili havikunjiki, wasafiri wameniambia, hushika spana kwa vitatu. Alipokuwa chini kabisa, jicho moja limefumba, alisema neno moja, hakumwambia mwingine ila mimi.

"Kengele," alisema. Basi.

Nikampiga teke la mbavu, asiongeze.

Nilirudi nyumbani na damu ya watu wawili kwenye shati. Wewe ulikuwa umeshazaliwa. Mkunga alikuvuta kwa miguu, bila gari, bila daktari, bila baiskeli ya mtu. Wakaniletea umefungwa leso, ndugu wa mama yako wakasema, muadhinie mtoto. Nikainama nikakuadhinia sikioni. Maneno ya kwanza uliyoyasikia duniani yalikuwa matukufu, sina shaka, lakini yalitoka kwenye kinywa kile.

Kahindi aliondoka mwezi huohuo, akahamia Kilifi. Hakusema kitu kwa mtu. Mimi nikawa kaka mwema. Nilimbeba Shee mgongoni miezi sita. Nilimchongea gongo mwenyewe, mti mgumu, na leo nimejua nilichagua vizuri. Watu wakanisifu. Kila baada ya sala Shee alikuwa akinyanyua mikono kumwapiza Kahindi, nami nimekaa kando yake, nasema amina.

Makosa yangu mengine ni madogo, lakini moja lakuhusu. Mwaka juzi ulipompiga yule kijana wa Gongoni kwenye mashamba ya chumvi kwa pampu ya baiskeli, ukampasua nyusi, kwa sababu alikukanyagia kivuli sijui, mama yako alilia. Mimi nilikununulia halua. Nilisema, "Damu yangu hiyo!" Wadogo zako wanaokunywa maziwa ya shule wakasikia. Nimekuwa nikiuliza moyoni kwa nini nilifurahi. Nadhani nilitaka mwenzangu. Mtu akikaa peke yake ndani ya shimo, akisikia mwingine anaanguka, hufurahi kidogo.

Kuhusu njia yenyewe, najua utasema waijua. Hujui. Mpaka Gede utakwenda bila kujua unakwenda, msitu upande mmoja, na ukipita njia panda ya Dabaso utasikia harufu ya matope ya mikoko. Kuanzia Matsangoni ardhi huanza kupumua: yapanda kidogo, yashuka kidogo, mikorosho kulia na kushoto, wala hakuna kilima hata kimoja cha kutukana. Hapo ndipo wapandaji wazuri huharibika. Mlima mkubwa mtu huuheshimu, huuona, hushuka akasukuma. Kile kiteremko kidogo hukudanganya. Unajiona una nguvu, kumbe ni ardhi tu imeinama. Mimi maisha yangu yote ya ngumi nilidhani ni nguvu. Na kusi itakupiga kifuani mpaka Kilifi. Usigombane nayo, inamisha kichwa kama uko ukweni.

Nimekwisha kuchezea maneno, sasa la leo asubuhi.

Baada ya kuuona mnyororo sikulala vizuri, na wajua mimi hulala hata maulidini. Nikaona kesho utafika kwa mzee wa watu mwenye vidole vitatu, utamwita kwa jina, atageuka. Nikaenda barazani kwa Shee. Nikakaa mbali kidogo. Nikamwambia yote, kama nilivyokwambia, pamoja na kitambaa cha mafuta.

"Miaka yote hii," akasema, "namwapiza mtu asiye na kosa?"

"Ndiyo."

"Nawe waitikia amina?"

"Ndiyo, ndugu yangu."

"Kwa hivyo zile dua zimekwenda wapi?"

"Nadhani zimenijia mimi. Mgongo huu hauumi bure."

Hapo ndipo gongo liliponifikia. Mzaha, Salimu. Hata pale sikuweza kuuacha. Nililala chini natema damu, naye amesimama juu yangu kwa mguu mmoja, analia, na gongo limenyanyuka mara ya pili. Sikujikinga. Akalishusha taratibu, akakaa.

"Fungua ile baiskeli yako," akasema.

"Ya nini?"

"Utanipakia kwenye karia. Mpaka Kilifi. Kila penye kupanda utapanda nami, hutashuka kusukuma, na ukishuka nitakupiga. Ukifika utamwambia yeye kama ulivyoniambia mimi, nami nikisikia. Sitakufa bila ya kumwomba radhi mtu yule, na siwezi kufika kwake kwa mguu huu."

Mnyororo wa baiskeli yangu ulikuwa umeoza kwa kutu. Nimefunga wako. Umekaa sawasawa, ahsante. Kitambaa cha kanzu nimekitia mafuta nikafutia kiti.

Ungeuliza kwa nini sikukusubiri nikakwambia uso kwa uso. Kwa sababu ungenitazama na macho ya mama yako, nami ningecheka, ningekufanyia kichekesho, ningetoroka tena. Kwenye karatasi siwezi kukuona. Kwa hivyo tunaondoka sasa hivi, wazee wawili juu ya magurudumu mawili. Tutalala Malindi, kesho tuendelee. Ukiondoka kesho utatufikia baada ya Gede, hilo halina shaka. Utatusikia kabla hujatuona, Shee anavyonitukana. Usisimame. Usinionee huruma, usinisukume hata kwa kidole. Tupite, utangulie.

Ukifika pale juu, kabla ya feri, shuka. Ingia bandani, mpe Kahindi shikamoo kwa sauti, mshike mkono ule wa kulia kwa mikono yako yote miwili. Ukiulizwa wewe mtoto wa nani, sema ukweli, kisha mwambie babako yuko nyuma anakuja, mzigo wake ni mzito, amsubiri. Akikufukuza, kaa nje barabarani, lakini usivuke.

Nitakapofika nitakuwa sina pumzi wala maneno mazuri. Simjui Kahindi wa leo. Huenda akanipa maji. Huenda akachukua spana. Lolote aliloshika mkononi, Salimu, wewe mwenye damu yangu, usiingie kati. Msaidie baba yako mdogo ashuke kwenye karia, mtafutie pa kukaa, kisha simama kando yake, utazame.

Babako,
Mohamedi Kengele